Punje Tatu Nyeupe

Haya ni kweli tupu. Anayebisha apande gari aende Njombe akaulize. Kampuni ya mbegu ilikuwa imeenea nchi themanini, na hindi lolote lenye punje yake moja nyeupe, hata iliyotokana na chavua ya upepo, lilikuwa mali yake.

Mkaguzi wa kampuni, binti mpole, alitazama mahindi yaliyoning'inia juu ya meko ya Mzee Sanga.

"Hiyo mbegu ya bibi yangu," mzee alisema. "Nyekundu tupu. Alifundishwa kuilima na nguruwe mwitu."

"Na shamba la jirani, babu?"

"Upepo wa kule huku haufiki. Unaniogopa."

Binti akafunua maganda ya hindi moja. Katikati ya wekundu mlikuwa na punje tatu nyeupe.

"Baba Ezekia," mke wa mzee akasema taratibu, "wape tu."

Mzee akapanda kigoda, akashusha mbegu yote ya ukoo, fungu kwa fungu. Binti akampa pakiti ya mbegu za kampuni, za kupandwa msimu mmoja tu.

"Na ulizotia mfukoni, babu."

Mzee akacheka peke yake, kisha akageuza mfuko. Zilikuwa punje tisa, nyekundu tupu. Binti akazipokea kwa mikono miwili, kama anayepewa zawadi.