Mhadhiri wa Sekela

Sheria ya chuo kikuu cha umma ilikuwa hivi: mhitimu akikosa kazi, mhadhiri wake anahamia nyumbani kwao na kumsaidia kuitafuta mpaka ipatikane. Ndiyo maana Subilaga, muuza ndizi wa Tukuyu, alimpeleka bintiye Sekela huko, wala si kwenye chuo binafsi chenye majengo ya vioo na ada ya kutisha.

Sekela alipohitimu na kukosa kazi, mhadhiri wake, Dakta Kemilembe, alifika na begi moja. Mchana alizunguka na Sekela kuomba kazi ya uhandisi wa maji, jioni akamenya ndizi na Subilaga. Kila walipokataliwa, alimfundisha upya pale alipokwama.

Masika yalipoanza, simu iliita. Sekela alikuwa amepata kazi kwenye mradi wa maji Kyela. Alipiga kelele mpaka majirani wakaja mbio.

Subilaga alimkuta Dakta chumbani, anakunja nguo.

"Sasa unarudi kwako, dada?"

"Bado. Kuna kijana wangu mwingine Songea, naye hajapata kazi."

"Na watoto wako?"

"Wako Bukoba kwa bibi yao. Wameshazoea," alisema bila kuinua macho.

Subilaga aliketi kando yake. Huko uani Sekela alikuwa bado anacheka na majirani.

"Shule zikifungwa, walete hapa," alisema. "Nataka Sekela awashukuru watoto waliomwachia mama yao."

Dakta aliweka nguo chini, akachukua simu, akawapigia.