Divai ya Shamba la Juu

Siku hizi ukinywa divai unahisi mwili wa mtu aliyezichuma zabibu zake. Venera aliwamiminia wakwe watarajiwa wa bintiye divai ya shamba lake la juu, kule kwenye udongo mweusi wa mlima Etna.

Nunzio, baba wa mchumba, alikunywa. Mgongo ukamuuma, vidole vikafa ganzi kwa baridi ya mlimani. Kisha akajishika tumbo, akatabasamu.

“Bi Venera, mchumaji wako alikuwa mjamzito. Mtoto anacheza.”

“Ni kibarua tu,” Venera alisema, uso ukimwiva. “Alitaka kazi mwenyewe.”

“Mkampandisha mpaka kule juu?” mke wa Nunzio aliuliza.

Venera alifungua haraka chupa nyingine. Ilikuwa ya siku za mwisho za mavuno.

Nunzio alikunywa, akaweka mkono tumboni, akangoja. Alingoja sana.

“Ni yule yule,” alisema kwa sauti ya chini. “Mgongo ni ule ule. Lakini mtoto hachezi.”

Venera alishika kisu, akaanza kukata mkate uliokwisha kukatwa. Bintiye alijaza glasi moja zaidi, akaisogeza mbele ya mama yake, ambaye tangu mavuno yaishe alikuwa akinywa maji tu.