Jina Alilochagua Babu

Binti yangu alikuwa ameshika kalamu juu ya kadi ya kliniki, anataka kulikata jina la mtoto.

"Mama, haya aliyataka baba."

Marehemu mume wangu alikuwa akionyesha sinema za zamani, zile zisizo na sauti, naye akampa mjukuu wetu jina la nyota mmoja wa sinema hizo, asiyesema neno. Mimi nilimtania: "Mzee, basi huyu hatatupigia kelele."

Sasa daktari ametoka kupiga makofi mara tatu nyuma ya kichwa cha mtoto. Hakugeuka. Hasikii.

"Watu watamcheka, mama. Na jina lenyewe ndilo hilo!"

Chozi lake lilidondokea kadi, wino ukaanza kutawanyika. Mtoto mapajani pangu alikuwa ameshikilia kifungo cha gauni langu, anakizungusha.

Binti yangu akamwita kwa lile jina, mara mbili, sauti inamkatika. Mtoto akaendelea na kifungo chake.

Nikamgeuza taratibu, nikamwinua kidevu, uso wake ukaelekea kwa mama yake.

"Haya," nikasema, "mwite tena, akuone."