Shimo Chini ya Mgomba

Shimo lilikuwa bado wazi chini ya mgomba. Bi Kidawa alilichimba siku mjukuu wake alipozaliwa, ili kitovu kizikwe nyumbani kama desturi. Lakini mkwewe, Saada, alirudi kutoka hospitali na mtoto tu. Kitovu aliwaachia madaktari, waliosema kitatibu wagonjwa.

"Umegawa asili ya mjukuu wangu," Bi Kidawa alimwambia mbele ya majirani, akakataza shimo lisifukiwe, ili kila apitaye aione aibu ya Saada.

Baadaye gegedu, ule mto laini kati ya mifupa ya goti la Bi Kidawa, likaisha, mfupa ukawa unasaga mfupa, hata kuketi mkekani akashindwa. Hospitali wakamdunga seli changa za kuotesha gegedu upya, na goti likapona. Leo, akiaga, alimwuliza daktari seli zile zilitoka wapi.

"Kwenye vitovu vya watoto wachanga, mama. Wazazi wao hujitolea."

Bi Kidawa alitoka hospitalini. Alikwenda moja kwa moja mgombani, akapiga magoti, akaanza kulifukia shimo kwa mikono. Goti lilikunjika bila kulalamika. Afadhali lingeuma, angelisingizia kwa machozi yaliyokuwa yakimtoka.

"Shikamoo, mama," Saada alisema nyuma yake, mtoto mgongoni.

Bi Kidawa alizidi kuvuta udongo shimoni. Saada aliingoja marahaba. Kisha akachutama upande wa pili wa shimo, akaokota donge la udongo, akabaki nalo mkononi, bado akiingoja kabla ya kulitia shimoni.