Neno la Ubaoni

Siku ya tisa baada ya shimo la dhahabu kuporomoka, msimamizi alimwagiza karani Masalu aandike ubaoni kwamba uokoaji umekomeshwa. Watu sita walikuwa bado chini.

Masalu hajaweka nukta, Nyamizi akamsogelea. Mumewe alikuwa mmoja wa wale sita.

"Shemeji, umeandika nini hapo?"

"Nilichoagizwa. Umekomeshwa."

"Kilichokomeshwa hakirudi tena. Andika umeahirishwa."

"Ukiahirisha jambo, shemeji, watu watakuuliza mpaka lini. Mimi siku ya kuwatajia sina."

Nyamizi akauliza kwa sauti ndogo, "Hakuna neno jingine?"

Lilikuwepo. Masalu alifuta kwa kiganja, akaandika: UOKOAJI UMESITISHWA. Neno hilo halikutaja siku, wala halikufunga mlango. Nyamizi alilisoma mara mbili, mabega yakamshuka.

"Kumbe wanapumzika tu," alisema. "Ngoja nikawaambie watoto."

Masalu aliitikia kwa kichwa. Alijua msimamizi ameagiza nini kingine asubuhi ile.

Nyamizi hakuwa amepiga hata hatua ishirini, katapila likanguruma nyuma ya kibanda cha msimamizi, likaanza kusukuma udongo kuelekea mdomo wa shimo. Wanawake wengine waliokuwa wakingoja pale walipiga mayowe, wakalikimbilia. Yeye hakukimbia. Aligeuka polepole, akamtazama Masalu, aliyekuwa bado amesimama pale ubaoni na chaki mkononi.