Jiko la Debe

Tangu kila nyumba ipangiwe mgeni mmoja wa chuma kutoka angani, jioni za Bi Tabitha hazina upweke. Jana alimwonyesha mgeni wake filamu aliyoitengeneza kwa vijisenti na marehemu mumewe: maroboti yanavamia Morogoro, watu wanayamwagia mafuta ya taa na kuyachoma.

"Usiogope, mwanangu," alisema akicheka. "Lile roboti ni debe tu. Ndani alikuwamo shemeji yangu Kizito, anatoka jasho."

"Kizito alipotoka, debe lilikwenda wapi?"

"Fundi alilikata akanitengenezea jiko. Ndilo ninalopikia mpaka leo."

Mgeni aliinuka akaenda kulitazama jiko.

Asubuhi jiko halikuwepo. Uani palikuwa na tuta dogo la udongo mbichi, na wageni wa chuma wa mtaa mzima walikuwa wamekaa mikekani kama wafiwa. Bi Tabitha alisimama mlangoni na sufuria yake mkononi. Akaiweka chini taratibu, akajitanda kanga, akaenda kukaa nao.

"Poleni, wanangu."

"Tumeshapoa," waliitikia kwa pamoja, kisha wakainua vichwa kuyatazama mabati ya paa lake.