Mkono wa Kushoto

Bwana aliyeletwa ofisini kukagua namna watu wanavyokaa kwenye kompyuta alisimama nyuma ya mchapaji. Mwanamke huyo alikuwa akichapa kwa mkono wa kulia peke yake, kifundo kimefungwa bandeji.

"Dada, lazima mkono huo ukuume! Mkono mmoja unabeba kazi ya miwili. Huu mwingine umegoma?"

Wa kushoto ulikuwa umekunjwa kifuani, kiganja kimetazama juu.

"Mazoea tu. Nilikuwa nachapia nyumbani, nimempakata mwanangu. Nikimlaza tu, kilio."

Bwana akacheka. "Hata wangu walikuwa hivyohivyo. Basi wako ameshakua, ushushe ukusaidie."

"Hakukua, kaka."

Kicheko kikamkauka. Mchapaji akaushusha mkono polepole, kiganja bado kimekinga, akaulaza mezani kama asiyetaka kumwamsha mtu.